Mgonjwa Anapotoka Katika Nusu Kaputi: Kazi ya Muuguzaji

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka waliponitaka niandike juu ya afya, nilidhani wanataka tena habari za sukari na presha, ambazo tunaziandika kila mwaka na kila mwaka tunaendelea kutia vijiko vitatu katika chai. Safari hii nimechagua jambo jingine, nalo nalijua kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe. Ni habari ya zile saa na siku chache baada ya mtu kupasuliwa. Mgonjwa amekwisha toka chumba cha upasuaji, daktari amekuja na kusema kazi imekwenda vizuri, jamaa wote wameshusha pumzi na kumshukuru Mungu. Na ndipo damu yake inapoweza kuanza kupungukiwa oksijeni, kimya kimya, watu wamekaa pale pale wanamtazama.

Kama mjuavyo, jamaa zetu sasa tumegawanyika katika miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo. Mtu mmoja akilazwa, barabara namba 71 hujaa magari yetu, na wa Buffalo huteremka na namba 90 hadi Cleveland kisha wakaifuata hiyo hiyo 71. Hilo ni jambo jema na tusiliache. Lakini tukifika hospitali tunafanya nini?

Kule kwetu, iwe Uvira, Baraka, Kigoma au kambini Nyarugusu, mgonjwa hakwenda hospitali peke yake. Alikwenda na muuguzaji. Wadogo zetu waliozaliwa huku huchanganya maneno haya mawili: muuguzi ni yule mwenye cheti na sare, muuguzaji ni wewe na mimi, mwenye sufuria, kanga na mkeka, anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa na kumwita nesi usiku. Hapa Marekani tunaona kama muuguzaji ameachishwa kazi. Chakula kinaletwa, shuka zinabadilishwa, mashine zinahesabu kila kitu. Basi tunakaa, tunazungumza, tunapiga simu za video, tunatazama televisheni. Nami nilifikiri hivyo hivyo hadi mwaka 2023.

Mwaka huo baba mdogo alibadilishwa goti katika hospitali moja ya Louisville. Ni mtu mnene, amepita miaka 60, na kukoroma kwake sote tunakujua. Watoto wakilala nyumba moja naye huomba wahamishiwe sebuleni. Alirudi kutoka upasuaji mchana, amefungwa kibanio kidoleni cha kupima oksijeni, na mrija mdogo puani wa kumwongezea hewa. Pembeni palikuwa na pampu ya dawa ya maumivu yenye kitufe cha kubonyeza. Tulikuwa watu tisa chumbani.

Alipokunja uso, shangazi alibonyeza kitufe. Alipogeuka, akabonyeza tena. Ilikuwa huruma tu. Nani anaweza kumwona ndugu yake akiumia na dawa iko mkononi? Baba mdogo akaanza kukoroma. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni apumzike, amechoka," nasi tukashusha sauti. Kile kioo cha mashine kilionyesha 96. Tukasema basi, mambo ni sawa.

Usiku ulipoingia alijigeuza, na ule mrija ukatoka puani. Hakuna aliyeona. Baada ya dakika chache namba ikawa 89, kisha 84, kengele ikalia. Kengele hiyo ilikuwa imelia mara nyingi mchana ule kwa sababu ya kibanio kulegea tu. Nikanyoosha mkono nikaizima. Ndiyo, ni mimi. Nikamrekebishia kibanio, nikaketi.

Aliyemwokoa ni binti yetu anayesomea uuguzi, ambaye alikuwa ametoka kazini na kuja kusalimia. Hakutazama mashine kwanza. Alisimama akitazama kifua cha baba mdogo, macho kwenye saa, dakika nzima, nasi tukamwona kama hana adabu kwa kutotusalimia. Akahesabu pumzi 6. Akamwita kwa sauti, akamtikisa bega, hakuitika. Akakimbia mlangoni. Wauguzi waliingia watatu, wakamwekea oksijeni, wakamsugua mfupa wa kifua, wakampiga sindano ya naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya dawa za jamii ya afyuni. Baada ya muda mfupi baba mdogo alifumbua macho, maumivu yote yakiwa yamemrudia kwa pamoja, akatutukana wote tisa kwa Kibembe. Sijapata kusikia matusi matamu kama yale.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mtu anapopigwa nusu kaputi, misuli ya kifua na ule ukuta wa nyama ulio baina ya kifua na tumbo hulegea. Sehemu za chini za mapafu, zile za upande wa mgongo, hujifunga kama mfuko wa nailoni uliolowa maji. Hili huonekana kwa wagonjwa karibu 9 katika kila 10, nalo huanza dakika chache tu baada ya usingizi kuingia. Kwa wengi ni kidogo na hupita. Lakini kwa aliyepasuliwa kifua au sehemu ya juu ya tumbo huweza kukaa siku kadhaa. Kisha kidonda chenyewe kinauma, hivyo mgonjwa huvuta pumzi fupi fupi na kuogopa kukohoa, na makohozi yanabaki ndani. Juu ya hayo huja dawa za maumivu kama mofini, hidromofoni na fentanili. Dawa hizi ni neema, wala nisieleweke vibaya, maana mtu mwenye maumivu makali hawezi kupumua vizuri wala kutembea. Ila zikizidi, huuambia ubongo usijali tena kupumua. Ulimi nao hulegea na kurudi nyuma kooni, na ndio mkoromo ule tunaousifu kuwa ni usingizi mzuri.

Zile namba za kidoleni zinasema ni sehemu ngapi kati ya 100 za rangi nyekundu ya damu zimebeba oksijeni. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri huwa na 95 hadi 100. Watu hudhani tofauti ya 95 na 90 ni sawa na tofauti ya 90 na 85. Sivyo. Wanaokumbuka barabara ya Ngomo, ukitoka Bukavu kuteremka Kamanyola, watanielewa: juu mlimani gari linakwenda taratibu, lakini ukishaanza mteremko, breki ndiyo yenye kusema. Oksijeni katika damu ni hivyo. Juu ya 90 kuna nafasi; chini ya hapo kila kupungua kidogo kwa hewa mapafuni huangusha namba kwa kasi, na moyo na ubongo ndio wa kwanza kulalamika.

Kifaa chenyewe kina historia inayopendeza. Mwaka 1974 mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyefanya kazi katika kampuni ya Nihon Kohden, alieleza namna ya kupima oksijeni kwa kupitisha mwanga katika mwili na kusoma mapigo ya damu, bila kumchoma mtu sindano. Kibanio hupitisha mianga miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo huinyonya mianga hiyo kwa namna tofauti. Katika miaka ya 1980 kifaa kikaingia vyumba vya upasuaji vya Marekani. Bwana Aoyagi alifariki Aprili 2020, mwezi ambao dunia nzima ilikuwa inanunua vifaa vyake kwa ajili ya korona.

Lakini kifaa kina mipaka, na hapa ndipo penye neno letu hasa.

Kwanza, mrija wa oksijeni puani huweza kuificha hatari. Mtu anayepumua mara 6 au 7 kwa dakika, akipewa oksijeni ya ziada, namba yake huweza kubaki 96 kama ya baba mdogo, huku hewa chafu ya kaboni ikijaa mwilini na kumzidishia usingizi. Mrija ukitoka ndipo namba inaporomoka. Kwa hiyo hesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikiwa chini ya 10, au zikiwa na vituo virefu katikati, mwamshe na mwite nesi hapo hapo.

Pili, ngozi zetu. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, kule Ann Arbor, mwendo wa saa tatu hivi kutoka Columbus, walichapisha matokeo ya kulinganisha namba ya kidoleni na kipimo cha damu yenyewe iliyotolewa katika mshipa. Miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kiliwaonyesha 92 hadi 96, Wazungu waliokuwa kwa kweli chini ya 88 walikuwa asilimia 3.6, watu weusi walikuwa asilimia 11.7. Yaani kifaa kinaweza kumsifia mtu mweusi oksijeni asiyokuwa nayo, na mara nyingi zaidi kuliko kinavyomfanyia Mzungu. Jambo hili lilikuwa limeandikwa na wataalamu hata miaka ya 1990, lakini halikusikika sana. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake, na Januari 2025 ikatoa rasimu ya mwongozo inayowataka watengenezaji wavipime vifaa vyao kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali. Sisemi tuvitupe vibanio. Nasema namba 93 kwa mtu wetu si ya kuipigia makofi, na muuguzaji ana haki ya kusema kwa adabu, "Nesi, namba inasema hivi, lakini mtu wetu hayuko kama tunavyomjua. Je, daktari anaweza kumpima damu?"

Dada zetu nao nawaomba: rangi nyeusi ya kucha na piko ya vidoleni huweza kukivuruga kifaa. Kule Columbus shangazi mmoja alipasuliwa nyongo siku nne baada ya harusi ya binti yake, vidole vyote vimepakwa piko hadi kwenye viungo, na kibanio kikakataa kusoma. Nesi akamhamishia kwenye ndimi ya sikio, mambo yakaenda. Vidole baridi pia husomeka vibaya, na watu wa Buffalo hawahitaji kufundishwa habari ya vidole baridi.

Tatu, mashine haiko na mgonjwa saa zote. Katika wodi za kawaida mara nyingi nesi hupima kila baada ya saa nne au zaidi. Mwaka 2015 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Cleveland Clinic, hapo hapo Cleveland tunapopita tukienda Buffalo, na katika hospitali moja ya Hamilton, Kanada, upande wa pili wa mpaka kutoka Buffalo. Wagonjwa 833 waliopasuliwa walifungwa kipimo mfululizo, lakini wauguzi hawakuonyeshwa namba zake. Wao waliendelea na kazi yao ya kawaida. Asilimia 37 ya wagonjwa walipata angalau kipindi kimoja cha saa nzima au zaidi wakiwa chini ya 90. Na vipindi hivyo vya saa nzima, 90 katika kila 100 havikuonekana kabisa katika vitabu vya wauguzi. Si kwamba wauguzi walikuwa wavivu. Nesi akiingia, anawasha taa, anamwita mgonjwa, mgonjwa anaamka na kuvuta pumzi ndefu, na namba inapanda. Nesi anaandika namba nzuri, anatoka, na mgonjwa anarudi kule alikokuwa. Anayekuwapo kabla nesi hajaingia na baada ya kutoka ni nani? Ni muuguzaji.

Kuhusu kile kitufe cha pampu, niliona aibu nilipojua kwamba tangu Desemba 2004 Joint Commission, shirika linalokagua hospitali za Marekani, lilikwisha onya juu ya jamaa kumbonyezea mgonjwa. Pampu ile imetengenezwa kwa hekima: mgonjwa akishalewa usingizi hawezi kubonyeza, basi dawa husimama yenyewe. Ukimbonyezea wewe umeivunja hekima hiyo. Kitufe ni cha mgonjwa peke yake. Kama anaumia na hawezi kubonyeza, mwite nesi. Shangazi wa Louisville ameniruhusu niandike haya, kwa sharti kwamba niandike pia kuwa hakuambiwa. Ni kweli, alikuwa ameketi pembeni wakati maelezo yakitolewa kwa Kiingereza, na hakuna aliyegeuka kumfasiria.

Hapo naingia jambo la lugha. Wazee wetu wana adabu, na adabu ya Kiswahili ni kujibu "sijambo" hata kama nyumba inaungua. Nesi anauliza, "Unajisikiaje?" Mzee anajibu, "Mzima, Mungu ni mwema." Mkalimani anafasiri kama alivyosikia, nesi anaandika kuwa hali ni nzuri. Mfundisheni mzee kabla ya siku ya upasuaji kwamba swali lile si salamu. Na ombeni mkalimani wa hospitali. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Raia ya 1964 na sheria ya afya ya 2010. Na mtoto hatakiwi kufanywa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Kijana wa miaka 12 atajuaje kufasiri "pumzi inakatika"?

Dalili nyingine ya kuangalia ni akili. Oksijeni ikipungua mtu huanza kuhangaika, kuvuta mirija, kutaka kushuka kitandani, kusema maneno yasiyo na mpango, pengine kumwita marehemu. Sisi husema ni ndoto za dawa, au tunaanza kusali kwa sauti. Salini, lakini kwanza mwiteni nesi. Ile rangi ya buluu inayoandikwa vitabuni haitaonekana mashavuni mwetu. Itafuteni ndani ya mdomo, kwenye ulimi na ufizi. Wala msiisubiri, maana ikionekana hali imekwisha kwenda mbali.

Kuna mengi ya kufanywa kabla. Kukoroma kusifichwe. Mke au mume ndiye shahidi: je, usiku pumzi husimama kisha akashtuka kama aliyekabwa? Mwaka 2008 daktari Frances Chung na wenzake wa Toronto, ng'ambo ya ziwa kutoka Buffalo, walitoa maswali mafupi ya kumgundua mtu wa namna hiyo: kukoroma, uchovu wa mchana, kusimama kwa pumzi, presha, na baadaye wakaongeza unene, umri wa kupita miaka 50, shingo nene, na kuwa mwanamume. Hebu mpimeni baba mdogo kwa maswali hayo. Alikuwa na karibu yote, na katika fomu ya hospitali aliandika kwamba hana tatizo la usingizi. Kwa maoni yake hakuwa nalo. Tatizo lilikuwa letu sisi tuliomsikiliza. Mwenye mashine ya kupumulia usiku aende nayo hospitali.

Na baada ya upasuaji, mgonjwa ainuliwe kichwa na mgongo, aketi kitini mapema kama daktari ameruhusu, atembee. Apewe mto aukumbatie juu ya kidonda akikohoa. Kile kichombo cha plastiki chenye kidude kinachopanda mgonjwa anapovuta pumzi si zawadi ya watoto, ingawa katika nyumba zetu nyingi nimekikuta kwenye kapu la michezo. Kwa kawaida huambiwa avute mara 10 hivi kila saa akiwa macho. Vidonge vya maumivu anavyopewa kwenda navyo nyumbani ni wa jamii ile ile ya mofini mara nyingi. Visichanganywe na pombe wala na dawa za usingizi za jirani, na usiku wa kwanza na wa pili mtu alale chumba kimoja naye. Akikoroma kwa namna isiyo yake na haamki mkimwita, pigeni 911, msipige kwanza Columbus kuuliza ushauri.

Februari 2025 mama mkubwa alipasuliwa tumbo kule Buffalo. Theluji ilikuwa nyingi na magari ya Louisville hayakuweza kufika, kwa hiyo tulikuwa wanne tu. Tuligawana zamu za saa nne nne. Tulinunua daftari la dola moja. Kabla ya upasuaji alisafishwa kucha, akafundishwa kutosema "sijambo", na kitufe cha pampu tulikifunga kwa utepe kwenye mkono wake wa kulia ili pasiwe na mwingine wa kukishika. Nesi wa zamu ya usiku, mama wa makamo, aliliona daftari akauliza ni nini. Tulipomweleza alilichukua, akalisoma ukurasa mzima ingawa liliandikwa kwa Kiswahili, akifuata namba tu kwa kidole. Mara moja, saa sita usiku, pumzi zilikuwa 9 na mama mkubwa aliitika kwa shida. Nesi alikuja, akamwinua, akamwita daktari, dawa ikapunguzwa.

Daftari ninalo hapa mezani. Mstari wa mwisho wa usiku ule, kwa mwandiko wa binti yake mdogo, unasema hivi: "Saa 11 alfajiri. Pumzi 14. Namba 97 bila mrija. Ameamka mwenyewe, anauliza nani amekula wali wake."